Karatasi ya Siku ya Kuku wa Enesi

Ihanda, Mbozi
3 Juni 2024

Mpwa wangu Ruti,

Kosa wanalofanya watu wengi wakishinda kesi ni kudhani kwamba hukumu inatembea yenyewe. Haitembei. Hukumu ni kama kahawa iliyoiva mtini: usipoichuma inakaukia palepale, msimu unapita, nawe unabaki kulaumu mti. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka thelathini na moja, na niliacha makabati yamejaa amri za fidia ambazo hakuna aliyerudi kuziulizia.

Naona nimeanza na hoja kabla ya salamu. Marehemu mama yako angenikemea, "Kaka, hata ng'ombe hunusana kwanza." Basi, salamu. Sisi hatujambo. Mama Violet anasumbuliwa na goti kwa baridi hii, lakini ulimi wake mzima kabisa. Kahawa ya bondeni imeanza kuwa nyekundu. Sikio langu la kulia limelifuata la kushoto. Sasa yote mawili ni mapambo. Ndiyo maana nakuomba usinipigie simu, maana Mama Violet akipokea, sentensi zako kumi zinanifikia zikiwa mbili. Andika, mpe Sebastian, dereva wa kosta. Na mimi nitapitishia kwake.

Sasa jambo lenyewe. Mama Violet amenionyesha habari kwenye simu yake, nikaisoma mara tatu. Jairo, yule aliyekuvamia kwenye banda lako la kushona asubuhi ile ya 2019 akitaka mauzo ya sare za shule, akaondoka na vidole vyako vitatu vya mkono wa kulia, ameshinda kesi dhidi ya serikali. Trekta la shamba la gereza lilimwangukia, akakaa siku tatu bila kufikishwa hospitali, mguu ukakatwa. Mahakama imeamuru alipwe milioni thelathini na tano. Simwonei kijicho. Mguu ni mguu, na mfungwa ni mtu.

Lakini hakimu aliyemfunga miaka thelathini alimwamuru pia akulipe wewe fidia ya milioni nane. Siku ile tulitoka mahakamani tukicheka kicheko kibaya, kwa sababu Jairo hakuwa na mali hata baiskeli. Leo anayo. Unaweza kuiomba mahakama ikazie hukumu, yaani iamuru milioni zako nane zizuiwe kabla hela hiyo haijafika kwa Jairo na ndugu zake. Ikishafika kwao, utakuwa unafukuza moshi.

Je, nakala ya hukumu unayo? Jibu upesi.

Mjomba wako,
Osea Nzunda


Tunduma
27 Juni 2024

Shikamoo mjomba. Shikamoo mama Violet, pole na goti.

Barua yako ilikaa siku tisa chini ya kiti cha Sebastian pamoja na kandambili za abiria. Anasema alidhani ni risiti.

Huku tuko salama. Vumbi ni lilelile, foleni ya malori imefika Mpemba, na wateja wa Nakonde, upande wa Zambia, wamepungua kwa sababu kwacha yao imelegea. Mwanangu Nesta yuko kidato cha pili, ananizidi urefu. Bandani nafanya kazi na dada mmoja, Restuta. Mimi nakata, yeye anashona. Mkasi nimeuzoea kwa mkono wa kushoto, lakini suti za kiume sizipokei tena. Wiki iliyopita mteja wangu wa zamani kutoka Nakonde alileta kitambaa kizuri cha kijivu, akasema, "Bamayo," yaani mama, "nakuamini wewe tu." Nikamrudishia. Hakuuliza sababu, aliutazama mkono.

Nakala ya hukumu ninayo, iko kwenye kopo la biskuti na cheti changu cha ubatizo.

Ila niache nifikiri kwanza, mjomba. Jumamosi Lusajo, kaka yake Jairo, alikuja bandani. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akaziba mwanga, akashikashika kitenge, akakisifia, kisha akasema, "Dada Ruti, hela ya mguu wa mtu hailiwi. Inakwama kooni."

Nikamwambia, "Na vidole vyangu mlivimezaje?"

Akacheka. "Wewe ulishamaliza, dada. Ulimaliza kanisani." Akaondoka bila kununua hata uzi.

Unaikumbuka Desemba ile ya 2021, mjomba? Siku tuliyokula kuku wa mama Enesi? Ningependa unieleze unavyoikumbuka wewe.

Mpwa wako,
Ruti


Ihanda
6 Julai 2024

Mpwa wangu Ruti,

Salamu nyingi. Tumeanza kuchuma. Bei haijatangazwa na kila mtu anajifanya anaijua. Nesta mwambie asome, urefu hauna mtihani.

Umeuliza kuhusu siku ile. Naikumbuka vizuri. Enesi, mama yake Jairo, alileta gunia la mahindi na kuku wawili, baraza la wazee wa kanisa likakaa, nawe ukala sahani moja na mama wa mtu aliyekukata. Mchungaji alilia machozi. Ulikuwa upatanisho mzuri, na ulitajwa kwenye ibada tatu mfululizo. Sioni Lusajo anatafuta nini humo.

Tuendelee na la muhimu. Watu huchanganya vitu viwili. Msamaha ni wa moyo, unatoka kwako kwenda kwa mtu, na Mungu ni shahidi. Fidia ni amri ya mahakama, nayo haiondolewi na machozi ya mchungaji. Unaweza kumsamehe mtu asubuhi na kumdai mchana, wala si unafiki. Anayekukanyaga sokoni unamwambia "si kitu", lakini akiwa amevunja mayai yako, mayai bado yanalipwa.

Pili, usiogope kwamba utamnyang'anya kilema. Huwezi kuchukua zaidi ya kile hakimu alichokuandikia. Milioni ishirini na saba zinabaki kwake, na mguu wa kununua hauzidi hapo.

Tatu, haraka. Nenda kwa yule dada wakili wa msaada wa kisheria, Aida. Mpe nakala. Ataandika maombi, mahakama ya wilaya itapanga siku, na hela itazuiwa mpaka wasikilizwe wote. Ningekuwa na masikio ningekuja mwenyewe.

Mjomba wako,
Osea


Tunduma
19 Agosti 2024

Shikamoo mjomba.

Nisamehe kwa kukaa kimya wiki sita. Sebastian safari hii hana kosa. Nilikuwa naanza barua naichana.

Nesta alikuwa na malaria, amepona. Restuta ameposwa na dereva wa lori Mkongo, banda zima linashauri na yeye hasikii.

Nilikwenda kwa Aida. Maombi tuliyapeleka mwezi uliopita, na milioni nane zimezuiwa mpaka tusikilizwe. Hapo ndipo Lusajo alipopata moto. Amepeleka pingamizi kwa niaba ya ndugu yake, na ndani ya pingamizi ameweka karatasi. Hati ya upatanisho, ya Desemba ile, ina mhuri wa kanisa na sahihi yangu ya mkono wa kushoto, imepinda kama ya mtoto. Inasema nimemsamehe Jairo kwa hiari yangu. Halafu mstari wa mwisho unasema, "na sina dai lolote juu yake, sasa wala siku zijazo."

Aida aliusoma mstari huo mara mbili. Akaniuliza, "Nani aliandika hii?" Nikamwambia sikumbuki.

Ni mwandiko mzuri sana, mjomba. Umenyooka kama mshono wa mashine.

Jumapili mama Enesi mwenyewe alikuja. Amezeeka, anatembea ameshika ukuta. Nilimpa chai hakuinywa. Akasema, "Mwanangu, mliniambia yameisha. Niliuza mbuzi nikanunua kuku wale kwa sababu wangu walikuwa wamekufa kwa kideri. Mkala, mkafuta mikono, mkaniandikia karatasi nikaitia kwenye Biblia. Leo mnaniambia hayajaisha. Mimi ni mjinga kiasi gani?"

Nilimsindikiza mpaka barabarani nikamshikia mkoba.

Mimi nilimsamehe kweli, mjomba. Sipendi msamaha wangu usomwe mahakamani kama risiti.

Tutasikilizwa Oktoba.

Ruti


Ihanda
24 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Tumepokea barua. Mpe Nesta pole. Kahawa imetubana, sina nafasi ya kuandika mengi, na jicho nalo linaanza kunichezea.

Kuhusu karatasi hiyo, wakili atajua la kufanya. Ushauri wangu ni huu: sema ulitia sahihi bila kuelewa. Sema hukusomewa. Mahakama humhurumia mtu aliyetia sahihi asichokijua, hasa mwanamke aliyekuwa bado na jeraha. Niliona wengi wakipona kwa njia hiyo.

Mama Violet anasalimu.

Osea


Tunduma
11 Septemba 2024

Shikamoo mjomba.

Leo sina habari za Restuta wala za kwacha. Tuko wazima.

Umeniambia niseme sikuelewa. Mjomba, nimemaliza kidato cha nne, na ada ulilipa wewe kwa kahawa yako. Nilisoma karatasi ile yote, mezani, huku mafuta ya kuku yakiwa bado vidoleni. Nilipofika mstari wa mwisho nilikuinamia sikioni, wakati huo ulikuwa bado unasikia, nikakuuliza, "Mjomba, hili la mwisho ni la nini? Mimi nimesema nimesamehe tu." Ukanijibu bila kuinua kalamu, "Hayo ni maneno ya kufungia, mwanangu. Kama amina."

Nikatia sahihi. Wewe ndiye uliyekuwa karani wa mahakama. Mimi ningekubishiaje?

Tangu Juni nakungoja uliseme. Nilikuuliza kwa upole ukanieleza kuku wangapi na machozi ya nani. Nikakuandikia habari ya mwandiko, ukaniambia una kahawa nyingi. Na sasa unataka niape uongo, nijifanye mjinga mbele ya hakimu, ili mwandiko ule usiwe na mwenyewe.

Sitaapa hivyo. Lusajo alipita tena jana, akasema kwa sauti ili majirani wasikie, "Mwite basi mjomba wako msomi aje kuisoma karatasi yake!" Anajua, mjomba. Soko zima litajua.

Aida ananiambia mtu mmoja tu anaweza kueleza mstari ule uliingiaje, naye ni aliyeuandika. Viapo vya mashahidi vipelekwe kabla mahakama haijafungwa Ijumaa tarehe 27, kesi ni Alhamisi tarehe 3 Oktoba. Tukishindwa hapo hela itaachiliwa, itakwenda kwa Lusajo anayeshika mambo ya ndugu yake.

Nimemwambia Aida bado sikumbuki nani aliandika. Sitakutaja. Ulinilea mama alipokufa, na sitakuwa mtu wa kukusimamisha mbele ya wazee wenzako uzeeni. Nikishindwa nimeshindwa, nitaendelea kukata vitenge kwa kushoto.

Nilitaka tu ujue kwamba ninakumbuka.

Ruti


Stendi ya Vwawa
Ijumaa, 27 Septemba 2024, asubuhi

Mwanangu Ruti,

Marahaba, shikamoo zako zote nilizozipokea bila kuzistahili tangu Juni.

Barua yako niliificha ndani ya daftari la kahawa. Mama Violet aliipata akitafuta kalamu. Aliisoma akiwa amesimama, na goti lile. Kisha akanichorea maneno kwenye kibao ninachotumia siku hizi, herufi kubwa kama za darasa la kwanza: "ULIMFUNDISHA KUSOMA ILI UMWAMBIE ASEME HAJUI?" Hakupika siku hiyo. Nami sikuomba chakula.

Nitakueleza, na mara hii nitaeleza kitu nilichokuwa nakizunguka. Kwa miaka thelathini na moja kila karatasi ya mapatano niliyoiandika ilimalizika kwa mstari ule. Mkono ulikuwa umeuzoea, unakwenda wenyewe. Nilitaka kuishia hapo katika kiapo changu, na Aida angelikubali. Lakini si kweli yote. Uliponiinamia sikioni mkono ulisimama. Nilijua kabisa mstari ule una maana gani. Nikajiambia: Jairo hana kitu, atafia gerezani, milioni nane hizi hazipo duniani, kwa hiyo simwondolei mpwa wangu chochote. Nilitoa mali yako kwa sababu niliiona haina thamani. Na nilitaka mambo yaishe, nilichoka kukusindikiza mahakamani, na nilipenda namna mchungaji alivyonishika bega. Kisha nikakwambia ni kama amina.

Hayo yote yamo kwenye kiapo. Nilikula kiapo jana hapa Vwawa, mbele ya wakili aliyeniuliza kwa kuandika, mstari kwa mstari, na nikatia sahihi kila ukurasa. Kinasema wewe ulitamka neno moja, msamaha. Kwamba uliuliza, na mimi nilikupotosha nikijua. Sikuahidi kwamba utashinda. Hakimu anaweza kusema sahihi ni sahihi. Lakini atakapoamua, atakuwa anajua karatasi ile ni ya nani.

Jumanne nilikwenda kwa Enesi. Hakunipa kiti, na alikuwa na haki. Nilimwambia kwamba msamaha aliopewa na wewe bado upo, haujaguswa, ila ule mstari wa mwisho ulikuwa wizi wangu, nilimwibia mpwa wangu nikampa yeye zawadi. Alifungua Biblia, akaitoa nakala yake, akaitazama ingawa hajui kusoma. Nilisoma midomo yake. Alisema, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyenidanganya, si yule binti." Nikaitika kwa kichwa. Akairudisha karatasi ndani ya Biblia, akafunga mlango. Lusajo alikuwa uani, aliyaona yote. Atakuja kwako na hasira mpya. Usibishane naye, mwambie mjomba yuko Ihanda na anaweza kufikiwa.

Siji kwako leo kwa sababu saa nne nasimama mbele ya baraza la wazee kusoma maneno haya haya, na nimeshaandika barua ya kuacha ukatibu wa baraza hilo. Nimekwenda nayo mfukoni siku tatu ili nisipate nafasi ya kuipamba. Tarehe 3 nitakuja kwa gari la kwanza. Kama hakimu ana swali, aliandike, nitalijibu kwa sauti.

Sebastian yuko hapa mbele yangu ananiona ninavyoandika. Nimemweleza barua yangu ya kwanza ilikuwa na nini wakati ikilala na kandambili. Bahasha ya kaki yenye kiapo changu ameitia kifuani, chini ya shati, na ameapa hatachukua abiria wa njiani mpaka aifikishe kwako.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, funga banda, chukua bahasha hiyo kwa Sebastian, ipeleke kwa karani wa mahakama ya wilaya leo kabla ya saa tisa alasiri, na usiondoke dirishani mpaka umwone akigonga mhuri wa kupokea.

Osea